Kwa nini kichanga anaweza kuugua bila mwili kuchemka

Kila tukifungua simu kwenye kipindi cha afya, swali hili hurudi: mtoto ana siku nne, hanyonyi vizuri, amelegea, lakini mwili hauchemki. Anaumwa kweli? Ndiyo, anaweza kuwa anaumwa sana. Sababu iko kwenye seli, vile vipande vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo vimeujenga mwili.

Seli za kinga huzunguka kwenye damu zikilinda mwili, na kama askari yeyote, hazipigani na njaa. Chakula chao ni sukari na mafuta. Siku za amani hukichoma polepole kwa msaada wa hewa ya oksijeni. Vijidudu vikiingia, seli za mtu mzima hubadili mtindo na kuchoma sukari kwa kasi, kama moto wa mabua ya mahindi: unawaka upesi, lakini unakula mabua mengi. Nguvu hiyo ndiyo inayotengeneza silaha, pamoja na ishara zinazouambia mwili upandishe joto.

Kichanga hana mabua mengi. Tumboni alipewa sukari usiku na mchana kupitia kitovu. Kikikatwa, anaanza kutegemea akiba ndogo aliyonayo. Akiba hiyo hiyo ilishe ubongo, imkuze, impe joto. Wataalamu waliopima damu ya kitovu wameona kwamba seli za kinga za kichanga, hasa njiti, haziongezi kasi ya kuchoma sukari kama za mtu mzima zikutanapo na vijidudu. Wengi wao hawauiti udhaifu mtupu. Mwili unabana matumizi, na pia unaviachia nafasi vijidudu vyema vihamie tumboni bila vita. Lakini ubanaji huo una gharama: ugonjwa unaweza kusambaa kabla joto halijapanda. Wengine hata hupoa.

Ndiyo maana baridi ni adui mkubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto akipoa, anachoma mafuta yake ajipashe joto, na kinga inabaki na makombo. Mkaushe vizuri, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, na kuoga kusubiri saa 24. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo ya manjano, dang'a, ambayo bado kuna nyumba yanakamuliwa na kumwagwa (inatuuma kila tukisikia), yana chakula cha seli pamoja na kingamwili za mama.

Chanjo ya kifua kikuu anayopewa akizaliwa nayo ina jambo la ziada. Imeonekana kubadili jinsi seli za kinga zinavyochoma sukari, zikawa nyepesi kujibu hata vijidudu vingine. Huko Guinea-Bissau, matokeo ya majaribio matatu kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo yalipounganishwa, waliochanjwa mapema walikufa kwa zaidi ya theluthi moja pungufu katika mwezi wa kwanza.

Basi usingoje homa. Mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, au joto likiwa chini ya nyuzi 35.5 au juu ya 37.5, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Njiani mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kama anaweza kunyonya, aendelee kunyonya.