Kilichoshuka Nthambiro

Mwaka 2017 ulipokuwa ukiagana na watu, kitu kilishuka kutoka angani kikatua Nthambiro, Igembe ya Kati, Kaunti ya Meru. Hiyo ni nchi ya miraa, na watu wake wamezoea ndege zinazopita juu yao mchana na usiku. Hiki hakikuwa na bawa wala kiti cha rubani. Ilikuja kufahamika kwamba ni puto la mradi wa Loon wa kampuni ya Google, uliokuwa ukijaribu kusambaza intaneti kutoka angani.

Puto la aina hiyo ni plastiki nyembamba iliyojazwa gesi ya heliamu, na ukilitandaza linakaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi. Chini yake huning'inia paneli za sola, betri na kisanduku cha vyombo vya mawasiliano. Juu kuna parachuti ya kulishusha polepole. Likiwa kazini huelea takriban kilomita 20 juu, karibu mara mbili ya kimo cha ndege za abiria. Julai 2020 maputo hayo yalianza kutoa huduma rasmi nchini pamoja na Telkom Kenya, na Januari 2021 mradi wote ukatangazwa kufungwa.

Naanza na Nthambiro kwa sababu ni nadra sana kwa kitu cha angani kuja kulala shambani ili kichunguzwe kwa mkono. Mara nyingi mtu huona mwanga, mwanga unapotea, na kinachobaki ni maneno yake tu. Hapo ndipo hutokea makosa mawili. Wapo wanaomcheka, na wapo wanaomtangazia kwamba ameona wageni kutoka sayari nyingine. Pande zote mbili hazijamuuliza swali hata moja.

Habari za visahani vya angani zilianza kutapakaa duniani Juni 24, 1947, pale rubani Kenneth Arnold wa Marekani aliposema ameona vitu tisa vikienda kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Alieleza kwamba mwendo wa vitu hivyo ulikuwa kama wa kisahani kinachorukaruka juu ya maji. Magazeti yakageuza maelezo ya mwendo kuwa maelezo ya umbo, na tangu hapo watu wakaanza kuona visahani.

Afrika Mashariki nayo haikukawia. Asubuhi ya Februari 19, 1951, ndege ya East African Airways ilikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Mombasa wakati ofisa wa redio alipomwonyesha rubani, Jack Bicknell, kitu kinachong'aa juu ya Mlima Kilimanjaro. Kwa mujibu wa taarifa yao, kilisimama pale kwa dakika kadhaa na abiria wakakitazama, mmoja wao kwa darubini, kisha kikaondoka kwa kasi. Rubani na ofisa wake walikuwa watu waliozoea anga kama dereva wa matatu anavyoizoea barabara yake, na tukio hilo bado linatajwa hadi leo miongoni mwa yasiyotatuliwa.

Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa za namna hiyo katika mradi wa Blue Book kuanzia 1952 hadi 1969. Kati ya taarifa 12,618, zilizobaki bila maelezo ni 701. Ufaransa imekuwa na kitengo chake tangu 1977 ndani ya shirika la anga za juu la nchi hiyo, na mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikaunda ofisi iitwayo AARO. Ripoti ya ofisi hiyo ya Machi 2024, iliyopekua kumbukumbu za tangu 1945, haikupata ushahidi wa chombo chochote kutoka nje ya dunia. Jopo la wanasayansi lililoitwa na NASA lilikuwa limesema jambo lililo karibu na hilo Septemba 2023, likaongeza neno ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kikwazo kikubwa ni uhaba wa data nzuri. Picha zimefifia, saa haikuandikwa, na upande wa anga haujulikani.

Sasa turudi kwetu, kwenye Mlima Kenya. Mji wa Meru uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na Embu haiko mbali nao. Jua la huku halizami kwa mshazari, huzama wima kama jiwe kisimani, na giza huingia upesi. Lakini giza hilo ni la ardhini. Kitu kilicho kilomita 20 juu huendelea kuliona jua kwa takriban dakika 18 baada ya machweo, na setilaiti iliyo kilomita 550 juu yetu hulipata jua kwa karibu saa moja na nusu. Ndiyo maana taa nyingi za ajabu huonekana kati ya saa moja na saa mbili usiku, au alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Ule msururu wa taa uliopangana kama shanga, ambao umewatoa watu nje ya nyumba zao sehemu nyingi za Kenya, ni setilaiti za Starlink zilizorushwa pamoja na ambazo bado hazijapanda hadi kimo chao. Mara nyingine hufifia na kuzimika moja baada ya nyingine katikati ya anga, kana kwamba kuna mtu anayebonyeza swichi. Hakuna swichi: zimeingia kwenye kivuli cha dunia.

Mlima wenyewe nao huchangia. Upepo unapopanda kilele cha mita 5,199 unaweza kufanya wingu laini lenye umbo la sahani lililofunikwa juu ya sahani, nalo hukaa palepale hata kama upepo unavuma, kwa sababu linajengwa upande mmoja na kuyeyuka upande wa pili.

Kisha kuna jicho. Jioni moja huko Kiritiri, Mbeere Kusini, mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alininyooshea kidole upande wa magharibi. "Mwanangu, hebu tazama. Inatembea, inasimama, inatembea tena." Nami niliiona ikitembea. Nikamwomba tusogee hadi kwenye nguzo ya ghala na kuiweka taa ile ukingoni mwa nguzo, vichwa vyetu vimeegemea ukuta. Tulikaa hivyo dakika nzima. "Imekwama," akasema. Ilikuwa Zuhura, sayari inayong'aa kuliko nyota zote. Macho yetu hayatulii hata tunapodhani tumeyakazia mahali pamoja, na penye giza tupu ubongo hukosa kitu cha kulinganishia, ukaupa mwanga mwendo ambao ni wa jicho. Marubani hufundishwa jambo hili darasani kwa sababu linaweza kuwapoteza. Mama yule hakudanganyika zaidi ya rubani yeyote.

Lakini lililonisumbua zaidi, na ambalo nimelisikia mara nyingi pande za Meru na Embu, ni kauli hii: "Kilianguka nyuma ya kile kilima pale." Mtu wa Runyenjes anataja kilima chake, mtu wa Chuka anataja chake, na kila mmoja ana hakika. Fanya jaribio. Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo angani ni takriban nyuzi 10. Kimondo kikubwa kinaweza kuzimika kikiwa bado kilomita 30 juu ya ardhi. Ukikiona kikizimika ngumi moja tu juu ya upeo wa macho, basi kilikuwa juu ya mahali palipo kama kilomita 170 kutoka kwako. Kutoka mji wa Embu, huo ni umbali wa kufika Mutomo, kusini mwa Kitui. Watu wa Runyenjes na Chuka waliona kitu kimoja, na hakuna kilima chao chochote kilichoguswa.

Mawe huanguka kweli, hata hivyo. Julai 16, 2011, mwendo wa saa nne asubuhi, milio mikubwa ilisikika Thika na mawe yakaanguka mashambani. Yaliyookotwa yalizidi kilo 14. Kaskazini mashariki ya Meru, ng'ambo ya Isiolo kuelekea Habaswein, wafugaji walikuwa wakipita kando ya mawe mazito ya chuma kwa miaka mingi kabla ya wataalamu kuyatambua, kuanzia 2016, kuwa vimondo vya aina adimu yenye vito vya kijani vilivyonasa ndani ya chuma. Vimepewa jina la Sericho, na vilivyosajiliwa vina uzito wa takriban tani 2.8. Huko Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992, kipande cha gramu chache kilipitia majani ya mgomba kikamgonga kijana kichwani. Hakuumia.

Hapo swali la afya linaingia. Jiwe la kimondo halina mionzi ya kudhuru na kwa kawaida halifiki chini likiwaka, kwa hiyo halichomi nyumba. Vyuma vilivyotengenezwa na binadamu ni jambo jingine. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilituma maofisa, likaichukua, likaeleza kwamba ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia. Lakini vyombo vya angani hubeba matangi ya mafuta, na baadhi yake hutumia haidrazini, sumu inayoharibu mapafu na ini, yenye harufu kama ya amonia. Betri zilizopasuka nazo huchoma ngozi. Nawasihi wazazi: kitu kikianguka, watoto wasikipande, kisikatwe kwa ajili ya chuma chakavu, na asiyekuwa na kazi pale akae upande ule upepo unakotoka. Aliyekwisha kukigusa anawe kwa maji mengi na sabuni, na akiona kikohozi, kizunguzungu au macho kuwasha aende zahanati na kueleza alichogusa.

Hatari nyingine ni udadisi wa dirishani. Februari 15, 2013, kimondo kilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mshindo likafika na kuvunja vioo. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa majeraha ya vioo. Sauti huhitaji kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ukiona mwanga wa kutisha, ondoka dirishani na usubiri.

Kuna na yale yanayotokea kitandani. Baadhi ya wanaosema wamechukuliwa na viumbe wa angani hueleza kwamba waliamka usiku, mwili hausogei, kifua kimekaliwa, na kuna mtu chumbani. Waswahili wana neno la hali hiyo tangu zamani: jinamizi. Ubongo umeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye usingizi wa ndoto. Pemba na Unguja mwaka 1995 hofu ya namna hiyo ilipewa jina la popobawa. Marekani hupewa sura ya mgeni mwenye macho makubwa. Mateso yake ni ya kweli, na mtu anayeyapata mara kwa mara anastahili kusikilizwa na mganga wa hospitali, maana kukosa usingizi na msongo wa mawazo huyazidisha.

Watoto nao wasikilizwe kwa uangalifu. Septemba 16, 1994, zaidi ya wanafunzi 60 wa shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yameungua angani kusini mwa Afrika, na mazungumzo ya vyombo vya ajabu yalikuwa yametawala. Waliohojiwa walikuwa wamekwisha kuzungumza pamoja. Mwalimu anayekutana na jambo kama hilo ampe kila mtoto karatasi yake, achore peke yake, kabla ya mtu mzima yeyote kuuliza kama kitu kilikuwa na taa.

Ufaransa, mwananchi anaweza kwenda kwa askari wa karibu, maelezo yakaandikwa na kupelekwa kwa wataalamu. Sioni kwa nini ofisi ya chifu huku kwetu isiwe na karatasi ya namna hiyo: saa, upande, kimo, muda, sauti, hali ya mawingu, kisha itumwe kwa KSA. Ukurasa mmoja ungetosha.

Mama wa Kiritiri hakuhitaji hata karatasi. Tulipokuwa tukiondoka ukutani aliniuliza, "Na ile ya mwezi jana, iliyokimbia?" Nikamuuliza saa. Taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa imeanza redioni, hata habari ya kwanza haijaisha. Upande? Akasimama alipokuwa amesimama siku ile, akaonyesha: ilitokea juu ya mwembe, ikazimika kabla ya tangi la maji. Akakunja ngumi, akanyoosha mkono, akahesabu ngumi mbili na nusu kutoka juu ya kilima. Nilikuwa nikifunga daftari aliponishika kiwiko.

"Andika na hili pia," akasema. "Mbwa hawakubweka."