Mtihani wa Fundi Mwashi: Jinsi ya Kujitayarisha

Katika sehemu nyingi za Kenya, mtu atakaye kujenga nyumba haendi kwanza kwa mchora ramani. Humwita fundi mwashi, humwonyesha kiwanja na kumwambia kwamba anataka vyumba vitatu na jiko. Fundi huchora chini kwa kijiti, hukadiria mawe na simiti, kisha huanza kuchimba msingi. Basi mtu huyo mmoja ndiye mchoraji na ndiye mjenzi, na dhima zote mbili zimo mikononi mwake. Akikosea katika kuchora, hapana mwingine wa kulisahihisha kosa hilo kabla halijawa ukuta.

Jambo hili si dogo. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita ilianguka huko Huruma, Nairobi, na watu wapatao hamsini wakafa. Nyumba ile ilikuwa imejengwa karibu mno na mto. Haifai kumtwika fundi mmoja lawama ya msiba kama huo, lakini kila fundi yampasa kujua ni kwa nini nyumba husimama na kwa nini huanguka.

Sheria Nambari 41 ya mwaka 2011, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), inataka mafundi stadi na wasimamizi wa kazi za ujenzi watambuliwe rasmi. Ushahidi mmojawapo wa ustadi ni cheti cha mtihani wa ufundi, ambao mafundi wenyewe huuita tredi testi. Mtihani huo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), nao una madaraja matatu: mtu huanza Daraja la Tatu, hupanda hadi la Pili, na mwisho la Kwanza, ambalo ndilo la juu.

Wako mafundi waliojenga kwa miaka mingi ambao huuogopa mtihani huu. Si kwamba mikono yao ni dhaifu. Mkono wao wajua kazi, ila hawajazoea kuisoma karatasi wala kuieleza sababu ya wanachokifanya. Kwa hiyo matayarisho yao yaelekee zaidi huko.

Kwanza, ramani. Ramani huchorwa kwa kipimo kidogo. Ikiandikwa 1:50, maana yake kila milimita moja ya karatasi ni milimita 50 za kiwanja. Chumba chenye urefu wa milimita 72 katika karatasi kitakuwa na mita 3.6 kikijengwa. Fundi na aombe ramani ya nyumba iliyokwisha kujengwa, aende nayo mahali penyewe, apime kuta kwa futi kamba na kulinganisha. Akifanya hivyo kwa nyumba tatu au nne, karatasi haitamtisha tena.

Pili, hesabu. Tuseme ukuta una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, eneo lake ni mita za mraba 10. Ikiwa tofali la simiti, pamoja na mota yake, lina uso wa sentimita 40 kwa 20, kila mita ya mraba itachukua matofali 12 na nusu, na ukuta mzima matofali 125. Hapo tena huondolewa nafasi ya mlango na dirisha, na huongezwa machache ya kuvunjika. Fundi ajuaye hesabu hii hamtii hasara mwenye nyumba, wala haishiwi na matofali kazi ikiwa katikati.

Tatu, sababu. Kwa nini viungo vya wima vya mstari mmoja visikae juu ya viungo vya mstari wa chini? Kwa sababu matofali yaliyoshikana hugawana uzito, bali viungo vikifuatana ufa hupata njia ya kupita moja kwa moja. Kwa nini maji yasizidi katika zege? Kwa sababu maji ya ziada hukauka na kuacha matundu madogo yanayoidhoofisha. Kwa kipimo cha nusu, mfuko wa simiti wa kilo 50 hutaka lita 25 za maji. Kwa nini zege hunyweshwa maji baada ya kumwagwa? Kwa sababu simiti haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yenyewe. Kwa hiyo yafaa ikae na unyevu kwa siku 7 hivi, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28.

Nne, mkono wenyewe. Kazi ya mtihani hufanywa kwa muda uliowekwa. Fundi na ajizoeze kuijenga kona ndogo kwa saa, akiukagua kila mstari kwa timazi na pima maji, si kungoja hadi mwisho. Tena akumbuke kuihakikisha kona kwa njia ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ikiwa kona ni sawa, baina ya alama hizo mbili patakuwa mita 5 kamili. Mwiko, kamba na timazi viwe safi. Simiti iliyogandia kwenye mwiko humsema vibaya mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

Ni vema mafundi wawili au watatu wajifunze pamoja jioni, mmoja akiuliza na mwingine akijibu kwa sauti. Asiyejua kusoma vizuri na akae na kijana wake aliye shuleni. Kuuliza si ujinga. Na atakayeshindwa mara ya kwanza asitupe mwiko, bali ajue ni sehemu ipi iliyomwangusha, aishike hiyo, kisha arudi.

Cheti hakimpi mtu ufundi asiokuwa nao. Lakini humwezesha fundi aliye nao kuuonyesha mbele ya mtu asiyemjua, akadai ujira unaomstahili, na akawa na ujasiri wa kumwambia mwenye nyumba, "Mzee, hapa hapajengwi."