Wino wa Steshenari, Bodi ya Geto

Oya wanangu wa Kilosa na Mikumi, kuna mchongo umelala kitaa na hakuna anayeugusa. Ile printa ya wino inayotoa CV pale steshenari inaweza kukutolea saketi ya amplifaya.

Masela wengi wa ufundi wanaijua staili ya kuhamisha mchoro kwenye shaba kwa pasi. Ile inataka printa ya leza, maana tona ni unga wa plastiki: ukipata moto unayeyuka na kung'ang'ania. Wino ni majimaji. Utapiga pasi mpaka LUKU ikate na hutoboi.

Printa ya wino inapitia mlango wa mwanga. Chora saketi kwenye KiCad, programu ya bure iliyoanza 1992. Chapa kwenye plastiki ang'avu ya printa za wino: njia za umeme ziachwe wazi, kwingine kote nyeusi tii. Ikipauka, panga nakala mbili zilingane. Kisha, mbali na jua, laza filamu ya bluu inayokomaa kwa mwanga juu ya bodi ya shaba, ishikishe kwa pasi ya moto mdogo. Weka mchoro juu, gandamiza kwa kioo, toa nje. Jua la Mikumi mnalijua, halina masihara! Jaribu kwanza kwenye vipande vidogo upate muda wako.

Palipopigwa jua panakaza. Kwingine panatoka ukiosha kwa soda ya kufulia, gramu 10 kwa lita ya maji. Halafu zamisha bodi kwenye dawa ya feriki kloraidi, ile shaba iliyobaki uchi inaliwa yote. Tumia bakuli la plastiki, sufuria ya alumini itatobolewa. Vaa glavu na miwani.

Kuna wana wamekwenda mbali zaidi: wanafungua Epson, bodi inapita ndani na wino unatua moja kwa moja kwenye shaba. Kichwa cha Epson kinasukuma wino bila kuuchemsha, kwa hiyo hakichagui wino sana. Hiyo ni noma, ila ifanye kwenye printa iliyostaafu, siyo ya kazi ya mtu.

Na msidhani haya ni ya wenye maabara. Paul Eisler, Muaustria aliyehamia London, alitengeneza redio yenye saketi ya kuchapwa mwaka 1936, akiishi chumba cha kupanga. Geto kabisa.

Filamu na bodi agizeni Kariakoo, treni ya SGR inashusha Kilosa tangu 2024. Anzeni na amplifaya ndogo ya chipu ya TDA2030, njia ziwe nene. Walimu wa VETA Mikumi, wapeni vijana nafasi wajaribu. Na ile dawa iliyotumika imejaa shaba, inaua samaki: ifungieni kwenye chupa yenye alama, asije mtu akaimwaga Mto Mkondoa.