Swali la Mama Kabla ya Uamuzi wa Serikali

Mtoto akipata homa usiku tunajiuliza: je, alilala ndani ya chandarua? Alikunywa maji yaliyochemshwa? Ni maswali mazuri. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa tunaongeza moja: ni uamuzi gani wa serikali uliomleta mbu karibu na mtoto huyu, au uliomweka mbali?

Tutazame hapa Korogwe. Skimu ya umwagiliaji ya Mombo inawapa wakulima mpunga, na mpunga ni chakula na sare za shule. Hata hivyo, mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama majarubani, na konokono wa kichocho hukaa katika mifereji. Uamuzi ni wa kilimo, lakini wagonjwa huja zahanati. Hatusemi mashamba yafungwe. Tunasema bwana shamba na bwana afya wakae meza moja tangu mwanzo: majaruba yakaushwe kwa vipindi, mifereji ifyekwe, na vyoo vijengwe karibu na mashamba.

Hata mambo ya fedha ni mambo ya afya. Serikali ilipoondoa kodi kwenye vyandarua, na mwaka 2004 ilipoanzisha Hati Punguzo kwa wajawazito, ilikuwa inakinga malaria kabla ya sindano. Kinyume chake, mwaka 1993 ilipoanza kutoza ada katika hospitali zake, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 walisamehewa, lakini wengine wengi walitakiwa kulipa. Akina mama, mnajua inavyokuwa: pesa hakuna, mgonjwa anasubiri, ugonjwa unakomaa. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inatuhusu sana.

Je, mama wa Manundu afanye nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kwa mambo madogo kuna mkutano wa mtaa. Linapozungumzwa soko, stendi, dampo au mfereji, usikae nyuma ukinyamaza. Nyosha mkono uulize: maji yatatuama wapi? Taka zitakwenda wapi? Nani ataugua kwanza? Kisha omba majibu yaandikwe katika muhtasari, ili mkutano ujao mkumbushane.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mjenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Ukingo huwekwa wakati wa kujenga, si baada ya msiba. Basi, mama mpendwa, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, na jirani yako umpitie.