Mageuko au mageuzi? Funzo kutoka kwa bakteria

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza, "Prof, niandike mageuko au mageuzi?" Alikuwa akitafsiri makala kuhusu bakteria wanaotambua kemikali. Swali si dogo: istilahi ikipotoka, sayansi nayo hupotoka.

Tuitazame kazi yenyewe. Bakteria E. coli ana protini iitwayo AraC. Hii hutambua sukari ya arabinosi, kisha huwasha jeni za kuitumia. Ukiunganisha swichi hiyo na jeni ya mwanga wa kijani, bakteria hung'aa penye arabinosi. Hicho ni kitambuzi hai.

Je, tukitaka kitambue mevalonati badala ya sukari? Wataalamu hubadilisha kiholela sehemu ya protini inayoshika sukari, wakapata bakteria wengi wa namna mbalimbali. Wanaong'aa bure bila mevalonati hutupwa. Wanaong'aa ikiwapo huteuliwa. Mchujo hurudiwa hadi apatikane anayefaa. AraC ilipata kazi mpya kwa njia hiyo. Mbinu hii, ikitumiwa kwa vimeng'enya, ndiyo iliyompa Frances Arnold wa Marekani Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018.

Turudi kwa istilahi sasa. Mageuzi yatokana na kugeuza: yupo mgeuzaji mwenye ramani mkononi. Mageuko yatokana na kugeuka. Hapa mtaalamu hachori badiliko, anachagua tu. Basi nikamwambia, "Andika mageuko elekezi." Mkulima ateuaye mbegu za mahindi ataelewa papo hapo.