Pudre Kichwani, na Kesho Yake



Katika buletini yetu tumekwisha kusoma mashauri mengi juu ya kujitayarisha kwa Exetat. Ni mashauri mazuri, sina neno. Lakini mimi ninataka kuandika juu ya kesho yake, kwa maana ni pale wengi wanaanguka, hata wale waliopita vizuri.

Mnajua vile inakuwaka siku matokeo yanatoka. Zamani watu walikaa karibu na radio, siku hizi jibu linafika kwa simu. Makelele yanapanda, mama zetu wanamwaga pudre nyeupe juu ya kichwa cha aliyepita, na watu wanazunguka barabarani kwa nyimbo. Yaya yangu alimwagiwa ile pudre. Alipita na asilimia 61. Baba aliuza mbuzi mbili, ya tatu ikachinjwa, watu wakala mpaka usiku sana.

Kisha juma mbili yaya akaenda Lubumbashi kutafuta inskripsio. Wakamwomba diploma ao atestasio ya kupita, buletini za miaka miwili ya mwisho, atestasio ya kuzaliwa, ingine ya mwenendo mwema, picha, na feza. Buletini moja ilikuwa imefungiwa juu ya deni ya masomo. Atestasio ya kuzaliwa hakuwa nayo. Feza ilikuwa imekwisha kuliwa pamoja na mbuzi. Alikuwa na picha tu. Akarudi nyumbani, akakaa mwaka muzima. Mwaka wa pili rafiki zake wakamwita upande wa Kolwezi, kubeba mifuko ya mawe kwenye machimbo. Siku moja nikamwuliza:

– Yaya, juu ya nini haukutayarisha ile makaratasi mbele?

– Nani aliniambia? Siye wote tulikuwa tunaangalia paka Exetat. Niliwaza kama nikipita, mambo ingine itajipanga yenyewe.

Ndiyo sababu ninaandika. Exetat iko tangu mwaka 1967, na kazi yake ni kupima kama umefahamu masomo: kwanza ile ya inje ya sesio pamoja na disertasio ya Kifaransa, halafu siku nne za itemu. Haitakuuliza hata mara moja utalala kwa nani kule mjini, wala nani atalipa mwezi wa tatu. Maulizo hayo yanangoja inje ya mlango, na sisi wa kalasi ya sita (sheria ya 2014 inasema ya nne ya humanite, lakini mazoea ni mazoea) tunayapisha kama vile hayatuhusu.

Jambo moja la kufahamisha wazazi mapema. Baba zetu wanahesabu unive kwa hesabu ya zamani: miaka 3 ya gradua, miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya inchi yetu vimeingia katika mpango wa LMD: lisansi miaka 3, master miaka 2, kisha udaktari. Lisansi iko na krediti 180, na krediti haihesabu saa za kuketi mbele ya profesa peke yake, inahesabu pia kazi unayofanya wewe mwenyewe kwa vitabu. Basi angalia: jina lisansi limebaki, lakini ile ya zamani ilitaka miaka 5 na hii inataka 3. Baba akisikia «lisansi» anawaza kazi yake imekwisha, kumbe pengine mtu wa kukuandika kazi atakuomba master. Afazali muzungumze naye sasa, ametulia, kuliko kumwambia siku ameuza shamba.

Na mipango ya wakubwa inaweza kugeuka. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani (hiki cha Kisangani ni Waprotestanti walikianzisha, mwaka 1963), vikawa kimoja tu, UNAZA. Kila muji ukapewa masomo yake. Aliyekuwa anasoma letre Kinshasa akafunga sanduku kufuata masomo yake Lubumbashi. Mwaka 1981 UNAZA ikaachanishwa tena. Ninawaza sana juu ya wale vijana wa 1971. Aliyekuwa na njia moja tu kichwani, alifanya nini?

Kwa sisi wa opsio ya Pedagojia, njia ya karibu ni kufundisha primeri. Mwenye diploma ya Serikali ni D6, anaweza kuanza mara moja. Lakini kuanza kufundisha si kuanza kulipwa! Mwalimu mupya anabaki NU mpaka Serikali imwandike na mshahara ufike, na wako wanaongoja miaka. Zamani prime ya wazazi iliwasaidia. Tangu 2019 primeri ya Serikali ni bure, pamoja na zile masomo za makanisa zilizo chini ya Serikali. Ni jambo jema kwa watoto, mdogo wangu alirudi darasani juu yake, lakini NU amebaki mkono mutupu.

Sisemi hivi kwa kuvunja mtu moyo. Mimi mwenyewe nimechagua njia hiyo, mwaka mumoja ao miwili, kwa sababu feza ya unive haiko kwetu. Kwa hiyo katika kila likizo ninajifunza kushona kwa baba mudogo. Wenzangu wanacheka, ati mkubwa wa wanafunzi anakanyaga mashini. Nimekwisha kuharibu mashati mane, moja lilikuwa la mzee wa kanisa.

Wadada zetu, ninyi muko na ulizo lenu tena, maana kwa jamaa nyingine pudre inafuatana na watu wa mahari. Sitawafundisha. Ninasema tu, kama unataka kuendelea na masomo, mwambie mama ao shangazi mbele ya Exetat. Kisha watu kuja na vinywaji, kukataa kunakuwa kugumu.

Jumamosi hii, kisha chakula cha mangaribi, nitaketi katika kalasi ya sita B pamoja na daftari. Kila finalisti alete karatasi yake ya kuzaliwa na sertifika ya primeri, tulinganishe majina na siku ya kuzaliwa na yale yaliyo katika dosye ya Exetat. Herufi moja ikikosa, sasa inasahihishwa kwa kalamu. Kisha diploma kuandikwa ni kazi ingine kabisa. Musiwaze kama ni mchezo: mimi nimekuta katika yangu wameandika kwamba nilizaliwa mwaka mumoja nyuma ya mdogo wangu.