Njia Nyembamba ya Kinena
Ukuta wa tumbo, ambao ubavuni una tabaka 3 za misuli zilizopishana mithili ya ukili wa mkeka, una mahali dhaifu kinenani, penye mfereji wa takriban sentimeta 4 upitao kwa mshazari. Korodani za mwanamume, ambazo asili yake ni tumboni, huteremka kwa njia hiyo kabla ya kuzaliwa, na mlango ule usipojifunga barabara, utumbo huweza kujipenyeza humo, nayo ndiyo ngiri. Mwaka 1887 tabibu Edoardo Bassini wa Padua, Italia, alieleza namna ya kuushona ukuta huo upya, hidaya adhimu kwa wanadamu. Ngiri isiyorudi ndani, yenye maumivu makali na kutapika, haingoji kesho: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.